Jumla ya dadu mbili: kwa nini 3 na 4 ihesabiwe mara mbili, lakini 3 na 3 mara moja?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninajifunza sura ya uwezekano, na nimefika mahali ambapo kitabu kinanipa jibu bila kunipa sababu inayoniridhisha. Sipendi kusonga mbele nikiwa nimekariri tu, kwa hiyo naomba msaada wenu.

Tunarusha dadu mbili za kawaida, kila moja ikiwa na nyuso sita zenye nukta 1 hadi 6, kisha tunajumlisha nukta za nyuso zilizo juu. Jumla ndogo kabisa ni 2 na kubwa kabisa ni 12, hivyo zipo jumla 11. Naelewa kwamba hatuwezi kuzipa zote uwezekano wa 1/11, kwa sababu 7 hupatikana kwa njia nyingi kuliko 12. Hapo sina ubishi.

Ninakokwama ni katika kuzihesabu hizo njia zenyewe. Nikiorodhesha michanganyiko yote ya nukta, ninapata 21 tu: sita ambayo dadu zimelingana, yaani 1 na 1, 2 na 2, na kuendelea hadi 6 na 6, pamoja na 15 ambayo dadu zimetofautiana. Kwa hesabu hiyo, 7 ina njia tatu (1 na 6, 2 na 5, 3 na 4), na uwezekano wake ungekuwa 3/21, yaani 1/7. Kitabu kinasema ni 6/36, yaani 1/6, kwa kuwa 3 na 4 huhesabiwa mara mbili, kwanza kama (3, 4) na tena kama (4, 3), ilhali 3 na 3 huhesabiwa mara moja.

Dadu zangu zinafanana kabisa na ninazirusha kwa pamoja. Zikishatua naona 3 na 4, wala hakuna kinachoniambia ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Kwa nini basi niseme kuna njia mbili? Na kama mpangilio una maana, kwa nini 3 na 3 nayo isihesabiwe mara mbili?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu muulizaji, tuanze na dadu zenye rangi, kisha tuziondoe rangi hizo. Chukua dadu moja nyekundu na nyingine ya bluu. Kila uso wa nyekundu una nafasi sawa na wenzake, bluu nayo vivyo hivyo, na namna moja inavyotua haiathiri namna nyingine inavyotua. Kwa hiyo kila uso wa nyekundu unaweza kuambatana na uso wowote kati ya sita za bluu, jozi zote zikawa 6 × 6 = 36, na kila jozi ina uwezekano wa 1/6 × 1/6 = 1/36.

Ili upate 3 na 4, nyekundu inaweza kuonyesha 3 na bluu 4, au nyekundu 4 na bluu 3. Hayo ni matukio mawili yasiyoweza kutokea kwa pamoja katika mrusho mmoja, na hivyo uwezekano wake hujumlishwa na kuwa 2/36. Ili upate 3 na 3, sharti nyekundu ionyeshe 3 na bluu ionyeshe 3. Hakuna njia ya pili, maana ukibadilishana namba hizo unabaki palepale ulipokuwa: nyekundu 3, bluu 3. Ndiyo sababu inabaki 1/36.

Sasa chukulia kwamba rangi hizo zimefutika dadu zikiwa zingali hewani. Je, dadu zitatua kwa namna nyingine kwa kuwa wewe huwezi tena kuzitofautisha? Mwendo wake unategemea umbo, uzito, nguvu ya mkono na meza, wala hautegemei macho ya anayetazama. Basi uwezekano wa kuona 3 na 4 ni uleule wa 2/36 uliokuwepo kabla ya rangi kufutika. Kilichopungua ni maelezo uliyonayo kuhusu matokeo. Namna matokeo yanavyotokea haikuguswa.

Jedwali hili linaonyesha jozi zote 36. Namba za pembeni kushoto ni za nyekundu, za juu ni za bluu, na za ndani ni jumla:

```
      1   2   3   4   5   6
1     2   3   4   5   6   7
2     3   4   5   6   7   8
3     4   5   6   7   8   9
4     5   6   7   8   9  10
5     6   7   8   9  10  11
6     7   8   9  10  11  12
```

Tazama mishazari inayopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Kila mshazari una jumla moja tu, na mrefu kuliko yote ni ule wa 7, ambao una visanduku sita. Kutoka hapo, kila ukisogea hatua moja juu au chini, mshazari unapungua kisanduku kimoja: 6 na 8 zina njia tano kila moja, 5 na 9 zina nne, 4 na 10 tatu, 3 na 11 mbili, 2 na 12 moja. Ukitaka kanuni fupi, tafuta tofauti kati ya jumla yako na 7, kisha toa tofauti hiyo katika 6. Kwa mfano, 10 iko mbali na 7 kwa hatua 3, na 6 − 3 = 3, hivyo uwezekano wake ni 3/36 au 1/12.

Kanuni hiyo haina haja ya kukaririwa ukijua inakotoka. Ukishajua nyekundu imeonyesha ngapi na unataka jumla fulani, bluu imeshaamuliwa. Kazi inayobaki ni kuhesabu ni nyuso ngapi za nyekundu zinazoiachia bluu namba iliyo kati ya 1 na 6. Kwa jumla ya 10, nyekundu haiwezi kuwa 1, 2 wala 3, kwa kuwa bluu ingelazimika kuzidi 6. Zinabaki 4, 5 na 6. Jumla ya 7 pekee ndiyo inayokubali uso wowote wa nyekundu.

Muulizaji

Nashukuru sana, hoja ya rangi kufutika imenisaidia. Hata hivyo bado kuna jambo. Umeanza na dadu za rangi mbili, ambazo kwa hakika zinatofautika, halafu ukazihamishia matokeo yake dadu zinazofanana. Mtu mwingine angeweza kuanza na michanganyiko 21, akasema yote ina nafasi sawa, na hesabu yake ingekuwa nadhifu vilevile. Nitamwonyeshaje kwamba amekosea bila kumwambia tu kwamba kitabu kimesema?

Mchangiaji wa pili

Umeuliza vizuri, na jibu langu ni kwamba hutamshinda kwa mantiki peke yake. Hesabu ya 21 na hesabu ya 36 ni nadharia mbili kuhusu dadu, kila moja haijipingi, na kila moja inatabiri kitu. Mwamuzi ni dadu zenyewe. Hivyo unachotakiwa kufanya ni kutafuta tukio ambalo nadharia hizo mbili zinalitabiri kwa tofauti kubwa.

Jumla ya 7 si tukio zuri kwa jaribio hilo, kwa sababu 1/7 na 1/6 hazipishani sana, na ungehitaji kurusha kwa muda mrefu kabla ya kuzitenganisha kwa uhakika. Tumia badala yake tukio la dadu kulingana, yaani 1 na 1, 2 na 2, hadi 6 na 6. Anayehesabu michanganyiko 21 anasema uwezekano wake ni 6/21, yaani 2/7; anayehesabu jozi 36 anasema ni 6/36, yaani 1/6. Ukirusha mara 360, wa kwanza anatarajia dadu zilingane mara 103 hivi, na wa pili anatarajia mara 60. Mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani) kwa nadharia ya pili, katika mirusho 360, ni kipeuo cha pili cha 360 × 1/6 × 5/6, yaani cha 50, ambacho ni kama 7. Kwa hiyo bahati ya kawaida inaweza kuivuta 60 hadi 70 au kuishusha hadi 50, lakini kuifikisha 103 ni jambo ambalo usingelitarajia hata ukirudia jaribio zima maisha yako yote. Dadu za kweli zinaangukia karibu na 60. Mtu asiyeamini na ajaribu mwenyewe, kwa kuwa ni jioni moja tu ya kurusha na kuandika.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda zaidi, ingawa tofauti yake ni ndogo kidogo: jumla kuwa shufwa. Kwa jozi 36, shufwa na witiri zinagawana nusu kwa nusu, 18 kwa 18, kwa sababu hata nyekundu ikionyesha nini, bluu ina nyuso tatu za kuifanya jumla iwe shufwa na tatu za kuifanya iwe witiri. Kwa michanganyiko 21, shufwa inapata 12 na witiri 9. Angalia jambo la ajabu linalofuata katika nadharia hii ya michanganyiko 21: kuongeza dadu ya pili iliyo ya haki kungeifanya jumla ipendelee shufwa, wakati dadu hiyo ya pili ina nyuso za shufwa na za witiri kwa usawa. Dadu zingelazimika kupatana kwa siri. Usawa wa michanganyiko 21 unadai kwamba dadu moja iathiri nyingine, na hilo ndilo dai ambalo mwenzako hakulisema wazi alipohesabu.

Usidhani pia kwamba utata huu ni wa wanafunzi tu. Leibniz, ambaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa kalkulasi, aliamini kwamba kwa dadu mbili ni rahisi kupata 12 sawasawa na kupata 11, kwa sababu kila moja hupatikana kwa mchanganyiko mmoja tu: 6 na 6 kwa ile, 5 na 6 kwa hii. Ukweli ni kwamba 11 ina uwezekano maradufu, 2/36 dhidi ya 1/36.

Na kwa upande mwingine, ulimwengu wa chembe ndogo kabisa unatupa sababu ya kutomdharau anayehesabu 21. Mwaka 1924 mwanafizikia Satyendra Nath Bose alionyesha kwamba sheria ya Planck kuhusu mnururisho hupatikana ukihesabu chembe za mwanga kwa namna ambayo kubadilishana nafasi hakuzai hali mpya. Yaani "3 na 4" kwa chembe hizo ni hali moja tu, yenye uzito sawa na "3 na 3". Chembe hizo kweli hufanya kile ambacho dadu hazifanyi: hukusanyika katika hali moja zaidi ya ambavyo vitu huru vingekusanyika. Kwa hiyo ni maumbile yanayotuamulia ni matokeo yapi yana nafasi sawa. Kwa dadu yameamua 36.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuongeza mambo mawili kwa ajili ya atakayetaka kwenda mbele zaidi ya dadu mbili.

La kwanza ni ulinganifu. Wengi hukariri kwamba 4 na 10 zina uwezekano sawa bila kujiuliza kwa nini. Katika dadu ya kawaida, nyuso zinazokabiliana hujumlika kuwa 7: 1 iko kinyume na 6, 2 na 5, 3 na 4. Basi dadu mbili zikionyesha juu jumla ya 4, chini yake kuna jumla ya 10, na juu na chini vikijumlishwa hupata 14 daima. Kwa kuwa dadu ya haki haipendelei upande wa juu kuliko wa chini, jumla ya 4 juu lazima itokee mara nyingi sawa na jumla ya 4 chini, ambayo ndiyo hasa jumla ya 10 juu. Hoja hiyo haikuhitaji kuhesabu chochote, na inafanya kazi kwa dadu tatu, nne au kumi.

La pili ni namna ya kuongeza dadu bila kuorodhesha. Tuseme unataka njia za kupata 10 kwa dadu tatu. Dadu ya tatu ikionyesha 1, mbili za kwanza lazima zitoe 9. Ikionyesha 2, zitoe 8. Na kuendelea hadi 6, ambapo zitoe 4. Jumlisha basi njia za dadu mbili kutoka 4 hadi 9: 3 + 4 + 5 + 6 + 5 + 4 = 27. Kwa jumla ya 9 unasogeza dirisha hilo la namba sita hatua moja kushoto, kutoka 3 hadi 8: 2 + 3 + 4 + 5 + 6 + 5 = 25. Matokeo yote ya dadu tatu ni 216, hivyo uwezekano ni 27/216 na 25/216.

Sikuchagua 9 na 10 kwa bahati. Hili ndilo fumbo ambalo Galileo aliombwa kulieleza. Wacheza kamari walikuwa wameona kwamba 10 hutokea mara nyingi kuliko 9, ingawa kila moja ina michanganyiko sita: kwa 9 ni 126, 135, 144, 225, 234 na 333; kwa 10 ni 136, 145, 226, 235, 244 na 334. Alieleza kwamba mchanganyiko wa namba tatu tofauti hutokea kwa njia sita, wenye mbili zinazolingana kwa njia tatu, na wenye zote tatu zinazolingana kwa njia moja. Ile 333 peke yake ndiyo inayoirudisha 9 nyuma. Ni swali lako hasa, ndugu muulizaji, likiwa na dadu moja zaidi, na tofauti waliyoigundua wacheza kamari hao ni chini ya asilimia 1.

Muulizaji

Nawashukuru wote, sasa naweza kumjibu yule anayehesabu 21. Niruhusuni niulize moja la mwisho linalohusiana. Rafiki amerusha dadu mbili nisizoziona, akaniambia: "Walau moja imeonyesha 4." Uwezekano wa jumla kuwa 7 ni upi? Mimi ningesema 1/6, kwa kuwa nyingine lazima iwe 3, na 3 ni uso mmoja kati ya sita. Lakini nina wasiwasi na neno "walau".

Mchangiaji wa kwanza

Wasiwasi wako ni wa haki, si 1/6. Rudi kwenye lile jedwali, uweke alama kwenye mstari wote wa 4 ya nyekundu na safu yote ya 4 ya bluu. Mstari una visanduku sita, safu ina sita, lakini kisanduku cha (4, 4) kimo katika yote mawili, kwa hiyo vilivyobaki na alama ni 11, si 12. Maneno ya rafiki yako yamefuta visanduku vingine 25 na kuviacha hivyo 11 vikiwa na nafasi sawa. Jumla ya 7 imo katika viwili, (4, 3) na (3, 4). Jibu ni 2/11, kama asilimia 18, ambayo inazidi 1/6 kidogo.

Hesabu yako ya 1/6 ingekuwa sahihi kama angesema, "Nyekundu imeonyesha 4," kwa sababu hapo unabaki na mstari mmoja wa visanduku sita, na 7 imo katika kimoja. Ulipowaza "nyingine lazima iwe 3" ulidhani kuna dadu moja mahususi iliyokwisha kutajwa, na nyingine ikabaki huru. Kauli ya "walau moja" haitaji dadu yoyote.

Tofauti inaonekana zaidi ukiuliza jumla ya 8. Kwa kauli ya "nyekundu imeonyesha 4" uwezekano bado ni 1/6. Kwa kauli ya "walau moja imeonyesha 4" unashuka hadi 1/11, kwa kuwa (4, 4) ni kisanduku kimoja tu kati ya 11. Hapa tena inajitokeza ile tofauti uliyoanza nayo: 4 na 3 ina visanduku viwili, 4 na 4 ina kimoja.

Ila kabla ya kutumia 2/11, mwulize rafiki yako amepataje kusema alichosema. Jibu hilo linafaa ikiwa alizitazama dadu zote mbili akiwa ameazimia kukujibu swali hili tu: je, kuna 4 au hakuna? Ikiwa aliitazama dadu moja tu iliyokuwa karibu naye, akakuta ni 4, akasema "walau moja imeonyesha 4", maneno yake ni yaleyale, lakini hali ni ile ya dadu mahususi, na jibu ni 1/6. Na ikiwa desturi yake ni kuzitazama zote mbili kisha kutaja namba ya mojawapo bila upendeleo, basi (4, 4) angeitaja kama 4 kila mara, lakini (4, 3) angeitaja kama 4 nusu ya mara na kama 3 nusu iliyobaki. Vile visanduku 10 visivyo (4, 4) vinabeba nusu ya uzito wake kila kimoja, jumla ya uzito ni 1 + 10 × 1/2 = 6, na vile viwili vya jumla ya 7 vina uzito wa 1. Unarudi kwenye 1/6.